Injini ya Stirling na Jua la Mombasa: Ugumu Uko Upande wa Baridi

Mwanafunzi wa Mombasa anapoambiwa kwamba iko injini inayozungushwa na joto la jua, bila petroli, bila mvuke na bila mlipuko wowote ndani yake, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba hapa pwani injini hiyo haiwezi kukosa chakula. Jua letu linajulikana. Mji uko takriban digrii nne kusini mwa ikweta, kwa hivyo karibu na tarehe 10 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini kabisa, na saa sita na ushei mchana mtu hukikanyaga kivuli chake mwenyewe. Ndiyo sababu karibu kila kundi la wanafunzi ninalolijua lilianza mradi huu kwa kutafuta namna ya kukusanya joto jingi iwezekanavyo, huku upande wa pili wa injini, ule wa baridi, ukiachiwa kikombe cha maji.

Kundi la kwanza nililolisaidia lilikuwa la wanafunzi wanne. Waliokota dishi la setilaiti la sentimita 60 lililotupwa, wakalibandika karatasi ya alumini inayong'aa, wakaunda injini kwa mikebe, na siku moja ya Januari tukapanda nayo kwenye paa la zege la nyumba moja ya mtaa wa Tudor. Injini ilizunguka. Ilizunguka dakika 20 na kidogo, kisha ikapunguza mwendo, ikasita, ikasimama. Kipimajoto kilichofungwa upande wa moto kilisoma nyuzi 135 za Selsiasi wakati wa kuanza, na kilisoma nyuzi 135 zile zile wakati wa kusimama. Wanafunzi wakaona jua halitoshi, wakalielekeza dishi vizuri zaidi mpaka kipimajoto kikafika 140, wakalisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka mara chache, likafa tena. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa amepima maji ya upande wa pili. Tulipoyapima, yalikuwa yametoka nyuzi 31 na kufika 62.

Ili kuelewa kwa nini injini iliyoongezewa moto ilikataa kwenda, ni lazima kwanza tuelewe inaishi kwa kitu gani. Ndani ya injini ya Stirling mna hewa iliyofungwa, ambayo haiingii wala haitoki. Hewa hiyo ikipashwa joto huku ikiwa imezuiwa isitanuke, shinikizo lake hupanda kwa uwiano wa joto lake la Kelvini, kama wanafunzi wa kidato cha tatu wanavyofundishwa katika kanuni za gesi: kutoka nyuzi 30, yaani Kelvini 303, hadi nyuzi 100, yaani Kelvini 373, shinikizo huongezeka kwa asilimia 23. Shinikizo hilo linaweza kusukuma pistoni. Lakini hewa ikibaki moto, pistoni itasukumwa mara moja tu na kukaa huko huko ilikofika. Ili irudi, hewa lazima ipozwe, na ili injini iwe injini, kupasha na kupoza kunapaswa kufanyika mara kadhaa kila sekunde.

Haiwezekani kuupasha na kuupoza mkebe mzima kwa kasi hiyo. Suluhisho ni kuuacha upande mmoja wa chumba uwe moto daima na upande wa pili uwe baridi daima, kisha kuihamisha hewa yenyewe baina ya pande hizo. Kazi ya kuhamisha hufanywa na kipande ninachokiita kihamishi: bonge jepesi linalopanda na kushuka ndani ya chumba bila kugusa kuta, likiacha mwanya wa milimita moja hadi tatu kuzunguka. Kihamishi kikiwa upande wa baridi, hewa hulazimika kupita pembeni kwenda upande wa moto. Kikishuka upande wa moto, hewa hurudi kwenye baridi. Wanafunzi wengi hukosea hapa, kwa kuwa wakisikia kuna kitu kinachopanda na kushuka ndani ya silinda hudhani ni pistoni, na hivyo hukibana ili kisivujishe. Kihamishi hakisukumi kitu. Shinikizo la juu yake na la chini yake ni karibu sawa wakati wote, na ndiyo maana nguvu ya kukisogeza ni ndogo sana. Kikibanwa, hewa haina pa kupita, na injini inakuwa imezibwa koo.

Sasa tuzifuate hatua za mzunguko mmoja. Hewa nyingi iko upande wa moto, shinikizo limepanda, na pistoni ya nguvu, ambayo hii sasa ndiyo inayopaswa kubana vizuri, inasukumwa nje na kulizungusha gurudumu kupitia krenki, yaani mkono unaogeuza mwendo wa kwenda na kurudi kuwa mzunguko. Gurudumu zito, ambalo mafundi huliita flaiwili, linaendelea kwa kasi iliyokwisha kupata na kukishusha kihamishi, na hewa inahamia kwenye baridi. Shinikizo linashuka. Pistoni inarudi ndani ikiibana hewa ambayo sasa ni baridi, na kwa hivyo inapambana na shinikizo dogo kuliko lile lililoisukuma nje. Gurudumu linakinyanyua kihamishi tena, hewa inarudi motoni, na mzunguko unaanza upya. Ili hatua hizi zifuatane kwa mpango huo, mkono wa krenki wa kihamishi hutangulia ule wa pistoni kwa digrii 90, yaani robo mzunguko. Ukigeuzwa kuwa nyuma kwa kiasi hicho hicho, injini huzunguka upande wa pili.

Faida ya injini hupatikana katika tofauti ya kutanua na kubana. Hewa hutanuka ikiwa na shinikizo kubwa na hubanwa ikiwa na shinikizo dogo, na kinachobaki baada ya kutoa ndicho kinacholizungusha gurudumu. Mfanyabiashara wa soko la Kongowea hupata riziki kwa namna hiyo hiyo: bei ya kuuzia nazi ikisimama pale pale huku bei ya kununulia ikipanda kila siku, atauza mzigo mzima na kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa injini yetu, joto la upande wa baridi ndiyo bei ya kununulia.

Mfaransa Sadi Carnot alilieleza jambo hili mwaka 1824. Kwa lugha ya leo, hakuna injini ya joto inayoweza kugeuza kuwa kazi sehemu kubwa kuliko tofauti ya joto la pande mbili ikigawanywa kwa joto la upande wa moto, vyote vikipimwa kwa Kelvini. Injini ya Tudor ilianza na Kelvini 408 dhidi ya 304, na ukomo wake ulikuwa asilimia 25 na nusu. Iliposimama mara ya pili ilikuwa na Kelvini 413 dhidi ya 335, ukomo wa asilimia 19. Injini halisi ya mikebe hupata sehemu ndogo sana ya ukomo huo, na kabla haijatoa chochote cha kuonekana, msuguano wa krenki na pistoni huchukua fungu lake, ambalo halipungui kwa sababu injini imechoka. Hesabu hiyo ina jambo jingine la kuvutia. Tukirudi kwenye vipimo vya mwanzo na kuongeza nyuzi 10 upande wa moto, ukomo unafika asilimia 27.3, tukiuacha moto kama ulivyo na kupunguza nyuzi 10 upande wa baridi, unafika asilimia 27.9. Nyuzi za kupoza zina thamani zaidi kuliko nyuzi za kupasha, na hapa kwetu ndizo adimu.

Maji yale yalipataje moto upesi hivyo? Hesabu yake ni nyepesi. Kila mara kihamishi kinapoisukuma hewa kutoka motoni kwenda baridini, hewa hiyo hubeba joto na kulimwaga kwenye maji. Injini ya mikebe yenye hewa ya mililita 150 hivi hubeba takriban jouli 10 kwa kila mzunguko, na ikizunguka mara tano kwa sekunde, hizo ni wati 50 zinazoingia kwenye kikombe. Nusu lita ya maji inahitaji jouli 2,100 ili ipande uzi mmoja, kwa hivyo ilikuwa ikipanda uzi mmoja kila sekunde 42. Nyuzi 31 ni dakika 22. Tulipoifanya hesabu hii ubaoni siku iliyofuata, wanafunzi walinyamaza, kwa sababu jibu lililingana na saa zao.

Joto hilo lililobebwa bila kufanya kazi ndilo alilolipigania Robert Stirling mwenyewe. Alikuwa mchungaji wa Kanisa la Scotland, na hati ya uvumbuzi aliyoipata mwaka 1816 ililenga hasa kifaa cha kuokoa joto. Injini ilikuwa mojawapo tu ya matumizi yake. Mwaka 1818 injini yake ilifanya kazi ya kupampu maji katika machimbo ya mawe huko Ayrshire. Kifaa chenyewe, ambacho nitakiita kirejeshi, ni tabaka la waya mwembamba au vipande vyembamba vya chuma katika njia ya hewa. Hewa ikitoka motoni huliacha joto lake kwenye waya, hufika baridini ikiwa tayari imepoa, na ikirudi huliokota joto lile lile njiani. Katika mradi wa shule, chuma laini cha nyuzinyuzi cha kusugulia sufuria kinatosha. Kikitumika kama kihamishi chenyewe, kikiwa kimeviringwa kwenye spoki ya baiskeli, hewa hupita katikati yake badala ya pembeni, na kazi mbili zinafanywa na kitu kimoja. Kisikandamizwe sana, maana hewa ikipita kwa shida, kinachookolewa katika joto hupotea katika kusukuma. Na kwa kuwa hewa yetu ina chumvi, kibadilishwe kila kinapoanza kuwa chekundu, kwa sababu unga wa kutu ukiingia kwenye pistoni huikwaruza.

Kirejeshi hupunguza mzigo wa upande wa baridi lakini hakiuondoi, na hapo ndipo hali ya Mombasa inapoingia. Mwongozo wowote ulioandikwa kwa ajili ya nchi za baridi huchukulia kwamba hewa ya nje yenyewe ni kipoza. Kwetu hewa ya mchana iko kati ya nyuzi 27 na 33 karibu mwaka mzima, tena imejaa unyevunyevu. Watu hunikumbusha mtungi wa udongo, na ni kweli kwamba mtungi hupoza maji kwa kutoa jasho, lakini jasho hukauka upesi pale tu hewa inapokuwa kavu. Katika hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, kitambaa kilicholoweshwa hakiwezi kushuka chini ya nyuzi 26 hivi, yaani faida ya nyuzi nne. Si haba, ila haitoshi kuutegemea mradi mzima. Maji ya bahari ni mengi na hayachoki, lakini huila alumini kwa muda mfupi, na sijaona injini ya wanafunzi iliyodumu nayo.

Kilichotufaa zaidi kilikuwa ni wingi wa maji ya kawaida. Mtungi wa plastiki wa lita 20, ule ule unaosukumwa na wauza maji kwenye mikokoteni, huhitaji jouli 84,000 ili upande uzi mmoja. Kwa wati 50 hizo ni dakika 28 kwa kila uzi, na injini inaweza kuzunguka saa kadhaa kabla haijaona tofauti kubwa. Mtungi unainuliwa juu kidogo ya injini na kuunganishwa kwa mipira miwili, mmoja ukitoka chini ya mtungi na kuingia chini ya koti la maji linaloizunguka silinda, na mwingine ukitoka juu ya koti na kurudi kwenye mtungi chini kidogo ya uso wa maji. Maji yaliyopata moto ni mepesi, yatapanda yenyewe, na mazito yatashuka kuchukua nafasi yao bila pampu. Sharti ni kwamba mpira wa kupandia usiwe na kunjo lolote linaloshuka, kwa sababu kiputo cha hewa kikikaa hapo mzunguko wote husimama.

Halafu kuna kivuli. Nimeona injini nzuri ambayo upande wake wa baridi ulikuwa ukipigwa na jua lile lile linaloupasha upande wa moto. Ubao wa plaiwudi wenye tundu, uliopakwa rangi nyeupe upande unaotazama jua, unaweza kuificha injini yote isipokuwa sehemu inayopaswa kuona mwanga. Upepo wa bahari nao unahitaji kugawanywa: ni rafiki wa upande wa baridi na adui wa upande wa moto, kwa hivyo upande wa moto ufunikwe kwa chupa pana ya kioo na ule wa baridi uachwe wazi upigwe na upepo.

Kosa la pili linalofanana na la maji ni kuta za silinda. Baada ya kushindwa kwa mikebe, kundi lile lilinunua kipande cha bomba la alumini kwa muuza vyuma chakavu, unene wa milimita mbili, wakaamini kwamba kitu imara zaidi kitafanya kazi vizuri zaidi. Injini hiyo haikuzunguka hata mara moja. Alumini ni kati ya metali zinazopitisha joto kwa wepesi mkubwa, na bomba la unene huo, kwa upana na urefu waliotumia, lilikuwa likipitisha karibu wati 100 moja kwa moja kutoka motoni hadi baridini kupitia ukutani, bila kuigusa hewa. Mkebe wa soda, ambao ukuta wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, hupitisha wati nne hivi katika hali hiyo hiyo. Chuma cha pua hupitisha joto chini ya sehemu ya kumi ya alumini, na kioo kidogo zaidi. Ndiyo maana testi tyubu ya kioo cha maabara ni silinda nzuri sana kwa injini ndogo. Kanuni ya kushika ni kwamba ncha mbili zipitishe joto kwa wepesi na ukuta unaoziunganisha upitishe kwa shida.

Kuhusu namna ya kulikusanya jua, kuna njia mbili, na uchaguzi kati yake hutegemea mbingu zaidi ya ufundi. Dishi hukusanya miale inayotoka moja kwa moja kwenye jua peke yake. Mwanga uliotawanywa na ukungu, unyevu na mawingu membamba huingia kwenye dishi kutoka kila upande na haufiki kwenye kitovu. Hapa pwani mbingu nyeupe ya mchana ina mwanga mwingi wa aina hiyo. Ngozi huhisi kuungua na macho huumia, lakini dishi hupata kidogo. Bamba bapa jeusi, kwa upande wake, hupokea mwanga wa moja kwa moja na uliotawanyika pia, na halihitaji kugeuzwa kila wakati. Kwa kundi linaloanza, napendekeza bamba.

Injini ya bamba ilikuwa ndoto mpaka mwaka 1983, Ivo Kolin wa Chuo Kikuu cha Zagreb alipoonyesha injini inayozunguka kwa maji ya moto yasiyochemka. James Senft wa Marekani akaiendeleza kazi hiyo mpaka akaunda injini iliyozunguka kwa tofauti ya nusu uzi tu. Siri ni uwiano. Tofauti ya joto ikiwa ndogo, shinikizo hubadilika kidogo, kwa hivyo pistoni ya nguvu lazima iwe ndogo sana ikilinganishwa na hewa inayohamishwa. Kanuni ya Kolin ni rahisi kukumbuka: gawanya 1,100 kwa tofauti ya nyuzi unayoitarajia, na jibu ni mara ngapi ujazo unaofagiwa na kihamishi uuzidi ule wa pistoni. Kwa tofauti ya nyuzi 40 jibu ni 27 na nusu. Chumba cha duara chenye upana wa sentimita 20, ambamo kihamishi cha sponji ngumu husogea sentimita moja, hufagia mililita 314; pistoni basi ifagie mililita 11 hivi, na sirinji ya kioo yenye upana wa sentimita mbili hutoa hizo kwa mwendo wa sentimita tatu na nusu. Bamba la juu hupakwa masizi ya koroboi, ambayo hunywa mwanga vizuri kuliko rangi nyingi za dukani, na kufunikwa kwa kioo. Bamba la chini hukaa ndani ya beseni la maji lililo kivulini. Moto ukiwa juu na baridi chini, hewa ya ndani nayo hutulia, kwa kuwa ya moto haina haja ya kupanda.

Wanaong'ang'ania dishi, na kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo baada ya injini ya kwanza, wajue mambo mawili. La kwanza ni kwamba madishi madogo ya televisheni mengi hayana kitovu katikati. Yamekatwa kutoka ubavuni mwa umbo kubwa zaidi, na kitovu chake kiko upande wa chini, pale ulipokuwa mkono wa kupokea mawimbi. Anayetafuta kitovu mbele ya katikati ya dishi atatafuta mchana kutwa. Dishi la duara kamili hukokotolewa kwa kupiga upana mara upana na kugawanya kwa kina mara 16: upana wa sentimita 90 na kina cha 14 hutoa kitovu cha sentimita 36. Jua husogea digrii moja kila dakika nne, kwa hivyo lazima awepo mtu wa kuligeuza dishi wakati wote wa majaribio. La pili ni usalama. Kitovu cha dishi hupofua macho na kuchoma ngozi papo hapo, na huyeyusha risasi ya kulehemu, ambayo aina yake ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 183, hivyo viungo vya upande wa moto visilehemiwe kwa risasi. Miwani ya mchomeleaji ivaliwe na kila aliyepo. Dishi lisipotumika lifunikwe kwa leso nzito au ligeuziwe ukutani, na lisiwekwe kamwe karibu na paa la makuti.

Sehemu inayochosha zaidi, na ambayo haina mapambo, ni msuguano na uvujaji. Injini hizi hutoa nguvu ndogo mno kiasi kwamba beringi moja yenye grisi nzito inaweza kuzuia kazi yote. Beringi zioshwe kwa mafuta ya taa zikauke. Sirinji ya kioo isitiwe mafuta. Unga wa grafiti kutoka penseli laini unatosha. Puto linaweza kutumika badala ya pistoni, lakini mpira wake hukakamaa upesi kwenye jua letu na kupasuka, basi liwe la majaribio ya meza tu. Kabla ya kuunganisha krenki, chumba kipulizwe kidogo kwa mrija na viungo vyote vipakwe povu la sabuni, na penye kiputo pazibwe kwa silikoni inayostahimili joto, ambayo hupatikana madukani mwa vipuri vya magari. Gurudumu likizungushwa peke yake kwa mkono lizunguke kwa muda mrefu na kusimama taratibu mahali popote. Likisimama daima mahali pamoja, halijasawazishwa.

Watu huuliza kama haya yote yana maana wakati paneli za jua zinauzwa kila mtaa. Kwa kuwasha taa, paneli imeshinda, na sioni sababu ya kuwaficha wanafunzi jambo hilo. Mitambo mikubwa ya dishi na Stirling ilipata ufanisi wa hali ya juu: mwaka 2008, huko New Mexico, mmoja uligeuza asilimia 31.25 ya nishati ya jua kuwa umeme. Miaka miwili baadaye madishi 60 ya aina hiyo yalianza kazi Arizona, lakini bei ya paneli ilikuwa ikishuka kwa kasi na kituo hicho hakikudumu. Ila paneli ni kitu kilichofungwa. Mwanafunzi hawezi kuifungua akaona umeme unavyozaliwa, wala kuitengeneza akaiharibu akaitengeneza tena, ilhali injini hii huyaweka mbele ya macho yake shinikizo, joto na msuguano kila kimoja kwa zamu yake.

Kwa sababu hiyo napenda mradi umalizike kwa kipimo kilichoandikwa kwenye daftari. Uzi ufungwe kwenye ekseli ya gurudumu, unyanyue uzito unaojulikana kwa mita moja, na muda upimwe. Injini ya bamba ya kundi lililofuata ilikuwa na nyuzi 72 juu na 32 chini, na ilinyanyua gramu 10 mita moja kwa sekunde 10, yaani takriban sehemu moja ya mia ya wati. Bamba lile lilipokea kutoka kwa jua wati 28 hivi, kwa hivyo injini iligeuza kama sehemu moja kwa elfu tatu, ilhali ukomo wa Carnot kwa nyuzi hizo ni karibu asilimia 12. Wanafunzi walitumia wiki mbili kuitafuta sehemu iliyopotea: mwanga ulioakisiwa na kioo, joto lililorudi hewani kutoka bamba la juu, joto lililopita katika ukuta wa chumba, hewa iliyopenya kando ya sirinji, beringi. Kisha wakabadilisha kitu kimoja tu. Waliyaondoa maji vuguvugu ya beseni, wakatia ya mtungi uliolala barazani usiku kucha, yaliyokuwa na nyuzi 26, na bila kuligusa bamba la juu wakafunga tena uzi. Gramu 10 zikapanda kwa sekunde nane.